Sandwichi za kamba kutoka jiko lisilo na mlango wa mteja

Assalaam alaykum ndugu zangu wa Unguja na Pemba, na nyinyi mlioko bara mnaotufuatilia. Leo sijatoka nje kuwatembeza mjini kama nilivyozoea, kwa sababu theluji imelala hadi kizingitini hapa Boston, Marekani, na mimi, mtoto wa Wete, baridi hii bado haijanikubali. Mnayoiona mezani ni mifuko miwili ya karatasi iliyoletwa sasa hivi na kijana mwenye baiskeli ya umeme, ambaye aliiweka mlangoni, akaipiga picha kuthibitisha kwamba imefika, akaondoka kabla sijawahi kumwambia ahsante. Ndani yake mna sandwichi tatu za vyakula vya baharini kutoka mkahawa usio na meza, usio na mhudumu wala kibao cha jina barabarani. Mkahawa huo unapatikana ndani ya programu ya simu tu.

Mama alipouona mkahawa huo kwenye simu yangu aliniuliza swali moja: "Sasa mwanangu, anayepika ni nani?" Swali hilo lilinikaa kichwani kuliko bei. Sisi tumezoea kusimama mbele ya mpishi. Pale Forodhani, soko la chakula cha jioni la Unguja mjini, jua likishazama, unamwona pweza kabla hajakatwa, unaona mikono inayomkata, unaona mafuta kama ni mapya au yamekwisha kuwa meusi, na ukimtilia shaka muuzaji unahamia meza ya pili bila kutoa sababu. Kwa hiyo juzi, kabla sijaagiza, nilikwenda kuitazama anwani iliyoandikwa kwenye programu. Nilikuta jengo kama ghala, mlango wa chuma, na ndani ya mlango rafu zenye nambari ambapo wapelekaji wa chakula walikuwa wakisubiri, kila mmoja ameinamia simu yake. Jengo moja la namna hii huwa na majiko kadhaa ya kupanga, na mpangaji mmoja anaweza kuuza kwa majina matatu au manne, ili anayetafuta kuku apate jina la kuku na anayetafuta samaki apate jina la samaki, ilhali kikaango kinaweza kuwa kimoja.

Hapo ndipo Mwislamu anapopata kazi. Kwa sisi wa madhehebu ya Shafii mambo ya baharini ni mepesi: kamba, ngisi, pweza na chaza havitupi taabu. Taabu ni mafuta. Jiko likiwa limekaanga nyama ya nguruwe asubuhi kwa jina moja, kisha mchana likamtumbukiza kamba wangu humo humo kwa jina jingine, nitajuaje, na mlango wa mteja hakuna? Niliwaandikia ujumbe kupitia programu. Walinijibu baada ya dakika kama kumi kwamba vyakula vya baharini vina kikaango chake peke yake, na sababu waliyonipa haikuhusu dini hata kidogo: wapo watu ambao kamba akigusa tu chakula chao hufura koo, na sheria ya Marekani ya mwaka 2004 iliwahesabu kamba na kaa miongoni mwa vyakula vinane ambavyo lazima vitajwe wazi kwenye vibandiko vya vyakula vya viwandani, kwa hiyo wapishi wengi nao wamejifunza kuwatenga. Basi mzio wa watu wengine ukanihifadhia halali yangu. Supu yao nzito ya maziwa na kombe niliiacha, kwa kuwa mara nyingi hutiwa vipande vya nguruwe, na safari hii ilikuwa imeandikwa hivyo bila kificho.

Sasa tufungue. Ya kwanza ni hii ya kamba mkubwa, ambayo ndiyo fahari ya pwani ya huku. Tazameni vizuri, kwa sababu huyu si kamba koche wetu. Kamba koche hana magando, na nyama yake unaitafuta mkiani; huyu wa maji ya baridi ana magando mawili makubwa, na nyama ya magando ndiyo laini na tamu kuliko ya mkia. Wavuvi wa jimbo la Maine humtega kwa dema za waya zenye chambo, kitu ambacho mzee yeyote wa Kojani, kisiwa cha wavuvi kule Pemba, angekitambua mara moja angalau kwa kazi yake kama si kwa sura. Nilipenda pia kusikia kwamba wakimpata jike mwenye mayai humkata alama ndogo mkiani na kumrudisha majini, na mvuvi mwingine atakayemkuta baadaye na alama ile, hata kama hana mayai tena, haruhusiwi kumchukua. Wale wa Kisiwa Panza wanaofunga miamba ya pweza kwa miezi kadhaa ili pweza wakue watauelewa mpango huo bila kufafanuliwa.

Sandwichi yenyewe ina mitindo miwili. Wa Maine huila baridi, nyama ikichanganywa na mayonezi kidogo. Wa jimbo la Connecticut huila moto, nyama ikiogeshwa kwa siagi iliyoyeyushwa. Mimi niliagiza ya baridi, na mtaona punde kwa nini nashukuru. Mkate wake unafanana na skonzi ndefu, ila umepasuliwa juu badala ya ubavuni, na mbavu zake mbili zimepakwa siagi na kubanikwa. Nimeuma. Nyama ni tamu, ina utamu wa asili, na mkate bado umesimama baada ya safari ya dakika 38. Kasoro yangu ni kwamba chakula hiki kina haya mno: hakuna ndimu ya kutosha, hakuna pilipili, hakuna chatne, kana kwamba mpishi aliogopa kumwudhi kamba. Na bei yake ni dola 29, ambazo kwa fedha za nyumbani ni kama shilingi 70,000. Shangazi zangu wa Chake Chake nawaomba msinipigie simu kuhusu jambo hili.

Ya pili inatoka kusini kabisa, New Orleans, na jina lake, po' boy, kwa Kiswahili ni kama kusema "kijana maskini". Inasimuliwa kwamba wafanyakazi wa tramu wa mji ule walipogoma mwaka 1929, ndugu wawili wa ukoo wa Martin, ambao zamani walikuwa makondakta wa tramu kabla ya kufungua mkahawa, waliahidi kuwalisha wagomaji bure, na kila walipomwona mgomaji akija walisema kijana maskini mwingine huyo anakuja. Ni boflo refu lenye ganda jembamba linalovunjika, limejazwa kamba wadogo waliovingirishwa katika unga wa mahindi na kukaangwa. Nimesema ganda linalovunjika, lakini sikilizeni: nabonyeza, na hakuna sauti. Limelegea. Kamba wenyewe wana ladha nzuri na viungo vimekolea, ila unga wao umelowa.

Ya tatu sitakaa nayo sana. Ni samaki mweupe aitwaye haddock, kipande kikubwa kilichokaangwa na kulazwa kwenye mkate wa mviringo, na alipofika alikuwa amekwisha kupikwa mara ya pili na mvuke wake mwenyewe.

Kosa si la mpishi peke yake, na naomba mnielewe hapa, kwa sababu wengi mmeniuliza kama biashara ya jiko la kupelekea watu chakula inafaa kwetu, na kijana mmoja wa Mwanakwerekwe ameniambia ana bodaboda mbili tayari. Chakula cha moto kilichokaangwa kikifungiwa kwenye boksi la plastiki lisilo na tundu, mvuke wake hauna pa kwenda. Hupanda, hugonga kifuniko, hugeuka maji na kurudi juu ya mkate. Yule muuzaji wa kwetu anayekufungia bajia ndani ya karatasi anafanya akili kubwa, kwani karatasi hunywa ule mvuke. Naye muuza urojo anayeijua kazi yake, ukimwambia unakwenda nao nyumbani, hukuwekea bajia na kachiri mbali na rojo. Jiko hili la Boston lina programu, lina picha za kutamanisha, lina kikaango cha peke yake, lakini halikutoboa boksi tundu mbili. Mpishi aliyeko nyuma ya mlango wa chuma hamwoni mteja akibonyeza mkate, kwa hiyo hajui. Forodhani angejua usiku ule ule, tena kwa maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa.

Kijana wangu wa Mwanakwerekwe ajue na hili pia: programu za huku hukata mkahawa asilimia 15 hadi 30 ya bei ya kila agizo, kiasi kwamba wakati wa korona mwaka 2020 Jiji la New York lililazimika kuweka kikomo cha asilimia 15 kwa kazi ya kupeleka. Mwenye jiko anaokoa kodi ya ukumbi na mishahara ya wahudumu, kisha sehemu kubwa ya alichookoa inakwenda kwa mwenye programu. Mimi nami, baada ya ada ya huduma, ada ya kupelekewa, kodi na bakshishi ya kijana wa baiskeli, nimelipa dola 86 kwa sandwichi tatu.

Sasa nafanya hivi, na kamera naiacha ikiwaka. Haddock namtoa ndani ya mkate na kumrudisha kwenye kikaango changu mwenyewe kwa dakika tatu. Boflo la kamba wadogo nalibanika juu ya moto. Na nusu hii ya kamba mkubwa naikamulia ndimu, halafu naimiminia pilipili ya ukwaju ambayo dada yangu alikuja nayo kutoka Wete ndani ya sanduku lake, imefungwa kwenye soksi tatu. Bismillahi. Naam. Hapa sasa kamba ameanza kusema.