Polisi Akikusimamisha na Bastola Iko Kiunoni

Furaha: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Mimi niko Grand Rapids, Michigan, kama kawaida, na kaka Salim yuko Columbus, Ohio. Leo tumepanga masomo matatu kuhusu wajibu wa mwenye kibali cha kubeba bastola iliyofichwa anaposimamishwa na polisi, lakini kwanza nieleze yaliyotukuta Jumanne. Shemeji yangu, mwenye kibali cha Michigan, alikuwa akiendesha gari kutoka Lansing tuliposimamishwa kwa sababu ya mwendo. Alizima injini, akawasha taa ya ndani, akashusha kioo na kuweka mikono yote miwili juu ya usukani. Askari alipoinama dirishani, kabla hajauliza lolote, shemeji alimwambia kwamba ana kibali na kwamba bastola iko kiunoni, upande wa kulia.

Salim: Poleni sana, dada. Askari alifanya nini?

Furaha: Alimwambia asiiguse, kisha akaomba leseni ya udereva. Hapo ndipo nilipoingiwa na hofu, kwa kuwa pochi yenye leseni ilikuwa katika mfuko wa nyuma, upande ule ule wa kulia. Shemeji hakusogeza hata kidole. Alitaja mahali pochi ilipo na kuuliza aitoeje. Askari alimtaka ashuke polepole, akaichukua pochi mwenyewe.

Salim: Tusimame hapo kwanza, maana hiyo pochi ni jambo zito. Philando Castile, aliyekuwa mfanyakazi wa jiko la shule huko St. Paul, Minnesota, alikuwa na kibali halali. Tarehe 6 Julai 2016, huko Falcon Heights, askari alimwomba leseni na bima. Akatoa bima, kisha akasema kwa adabu kwamba ana silaha. Askari alimkataza kuitoa, naye akajibu kwamba haitoi, lakini katika sekunde chache alipigwa risasi, huku mchumba wake na mtoto wa miaka 4 wakiwa ndani ya gari. Askari huyo alifyatua risasi 7, na mwaka 2017 baraza la mahakama lilimwona hana hatia.

Furaha: Ndiyo maana nasema kila mwenye kibali aamue leo, kabla hajawasha gari, karatasi zake zitakaa wapi. Mimi napendekeza mfuko wa shati wa kushoto, mbali kabisa na bastola.

Salim: Mimi napendelea zibanwe kwenye kipande cha kuzuia jua, juu ya kioo, ambapo askari anaziona kabla hujaomba ruhusa ya kuzitoa.

Furaha: Gari likiibwa, leseni na kibali vimekwenda nalo. Isitoshe, sheria ya Michigan inakutaka uwe na kibali mwilini wakati wote unapobeba bastola, sasa ukishuka na kukisahau huko juu, utasemaje?

Salim: Hilo nakubali kwa kibali. Kwa usajili wa gari na bima, siafiki viwekwe katika droo ya dashibodi, kwa maana askari akiona mkono umezama humo, hajui utatoka na nini. Na usiweke bastola humo humo zilimo karatasi. Nimewaona watu wengi wakifanya hivyo kwa kudhani wameificha vizuri.

Furaha: Hata ukiwa na karatasi mkononi, lazima useme kwanza. Michigan inamtaka mwenye kibali anayebeba bastola aseme mara tu anaposimamishwa. Akinyamaza, kosa la kwanza ni faini ya dola 500 na kibali kusimamishwa kwa miezi 6. Naiona sheria hiyo kuwa ya busara, kwa sababu askari anayeigundua bastola mwenyewe, shati likipanda kidogo, atashtuka zaidi kuliko aliyeambiwa.

Salim: Hapo tunaachana, dada. Ohio ilikuwa na wajibu kama huo, na aliyenyamaza aliweza kufungwa hadi siku 180. Tangu tarehe 13 Juni 2022, unawajibika kujibu kweli ukiulizwa, lakini hulazimiki kuanza wewe. Sheria ya Minnesota nayo haikumlazimisha Castile kusema kabla ya kuulizwa. Alisema kwa hiari, na hofu ya askari ikaanzia pale pale.

Furaha: Hofu hiyo ni ya askari, kaka, usiyabebeshe maneno ya marehemu.

Salim: Siyabebeshi. Nasema mtu mweusi, mgeni, mwenye lafudhi, asilazimishwe na sheria kulitaja neno bunduki katika sekunde ya kwanza.

Furaha: Mimi nasema mtu huyo huyo ndiye asiyeweza kumudu kugunduliwa.

Salim: Siwezi kukubali.

Furaha: Wala mimi. Saa imetubana, na somo la Texas pamoja na la hali ya uhamiaji hatutayafikia leo. Kwa msikilizaji wa Ohio anayekuja huku kesho: Ohio sasa inawaruhusu wengi kubeba bila kibali, lakini ruhusa hiyo inakomea mpakani, kabla hujaingia Michigan.

Salim: Na aliye na viza ya muda asiguse silaha kabisa kabla ya kumwona wakili, kwa kuwa sheria ya shirikisho inawakataza wengi wao. Tutaanzia hapo kipindi kijacho.