Darasa la sita aende wapi? Shule za mkataba na shule za kawaida za umma

Wazee wangu shikamooni. Wazazi wenzangu, habari za jioni.

Mmeniita kwa swali moja: mtoto anayemaliza darasa la tano katika mitaa yetu hii ya kipato cha chini hapa Marekani, tumtafutie nafasi shule ya mkataba (charter school) au aendelee na shule ya kawaida ya umma? Zote hazina ada na zote zinaendeshwa kwa kodi. Ya mkataba hujipangia mambo mengi yenyewe, na isipotimiza masharti yake inaweza kufungwa. Sheria ya kwanza ya shule hizi ilipitishwa Minnesota mwaka 1991.

Msilinganishe alama tu. Mzazi anayehangaika na fomu za maombi mara nyingi ndiye huyo huyo anayekagua madaftari usiku, na mtoto wake angefaulu popote. Ndiyo maana watafiti hutumia bahati nasibu. Waombaji wakizidi nafasi, shule huchagua watoto kwa kura ya bahati. Waliopata na waliokosa wote wazazi wao waliomba. Hapo unaweza kulinganisha kwa haki.

Utafiti wa taasisi ya Mathematica wa mwaka 2010 ulifuata njia hiyo katika shule za kati (middle school, zile zinazofuata shule ya msingi) 36 za mkataba, majimbo 15. Kwa wastani, tofauti haikuonekana. Ila shule zenye watoto wengi wa familia maskini zilipandisha alama za hisabati, na zile za watoto wa wenye uwezo zilizishusha. Boston nako, waliopata kura walipanda sana katika hisabati za shule ya kati.

Lakini kwangu mimi ushahidi mzito zaidi uko Houston. Kuanzia 2010, shule kadhaa za umma zilizokuwa zikifanya vibaya zilichukua mbinu za shule bora za mkataba. Muda wa masomo uliongezwa, walimu wakuu wakabadilishwa, na watoto wa darasa la sita wakawa wanakaa wawili wawili na mkufunzi wao wa hisabati. Alama za hisabati zikapanda sana, za kusoma zikasogea kidogo mno. Shule zilibaki za umma vilevile! Basi mtoto aliyekosa kura asiambiwe kwamba amekosa elimu.

Na kuna jambo linaloniumiza. Baadhi ya shule za mkataba zimewasimamisha watoto masomo kwa makosa madogo kabisa, hata ya sare. Mtoto aliyerudishwa nyumbani hafundishwi.

Kwa hiyo mkienda kuangalia shule, iwe ya aina gani, ulizeni: mwanangu akishindwa kujumlisha sehemu, nani atakaa naye, siku zipi, kwa muda gani? Mwaka jana mlisimamisha wangapi? Na ombeni mkalimani wa Kiswahili. Ni haki yenu kisheria katika shule zote mbili, msimfanye mtoto awatafsirie.