Ni Mpira Uleule? Falsafa kwa Watoto, kwa Vitambaa na Kamba

Karibu. Video hii ni ya mwalimu, mzazi au mlezi anayetaka kuwafikirisha watoto wa miaka 7 hadi 11. Hakuna kitabu cha kununua. Tutatengeneza mpira wa matambara, na huo utatutosha kuuliza fumbo moja: ukibadilisha vitambaa vyake vyote, kimoja kimoja, bado ni mpira uleule?

Kata vitambaa 8 vya khanga kuukuu, kila kimoja upana wa vidole vinne na urefu wa mkono wako. Kata vingine 8 vya rangi tofauti kabisa, maana rangi zikikaribiana watoto watapoteza hesabu. Tafuta pia kamba mbili za katani. Sasa angalia mikono: vikunje vile 8 vya kwanza, vishindilie pamoja, zungushia kamba kama wavu, kisha funga fundo rahisi kufungua. Usiweke gazeti wala nailoni katikati. Ukiacha kiini kisichobadilika, mtoto atakuambia "moyo wake ni uleule", na atakuwa sahihi. Fumbo limekufia hapo.

Tandika mkeka chini ya mwarobaini. Miezi ya kiangazi upepo wa Dodoma una nguvu na vumbi, kwa hiyo jikinge na ukuta, la sivyo watoto hawatasikilizana. Watoto 8 hadi 12 wanatosha, wakae duara, na wewe kaa chini pamoja nao. Ukijiweka kwenye kiti, kila jibu litaelekezwa kwako.

Kwanza wacheze. Dakika 5, magoli ya mawe. Waupe mpira jina wenyewe, na ukumbuke nani amefunga bao. Wengi huruka hatua hii wakidhani ni kupoteza muda, lakini mpira ambao mtoto hajaupenda, ukibadilika hatajali.

Warudi mkekani. Mpe kila mmoja kokoto moja. Legeza kamba, chomoa kitambaa kimoja cha zamani, ingiza kipya, funga. Cha zamani kiweke kwenye beseni, usikitupe. Uliza: "Huu ni mpira uleule?" Wafumbe macho na wanyooshe ngumi. Ukihesabu tatu, wafungue: mwenye kokoto kiganjani anasema ni uleule, mwenye kiganja kitupu anasema ni mwingine. Macho yafumbwe kweli. Tumewazoesha darasani kuitikia "ndiyo mwalimu" kwa pamoja, na bila kufumba macho watamfuata mkubwa wao.

Rudia baada ya kitambaa cha 4, cha 8, na mwisho baada ya kubadilisha kamba. Kila mara mwulize mmoja wa kila upande: "Kwa nini?"

Sasa sehemu yenyewe. Chukua vile vitambaa vya zamani kwenye beseni, pamoja na kamba yake, ufunge mpira wa pili mbele yao. Weka mipira yote miwili katikati. Uliza: "Upi ndio uliofunga bao?"

Nyamaza. Hesabu moyoni hadi 10, hata ukiona aibu ya ukimya. Anayesema ashike kibuyu kidogo, akimaliza ampe mwenzake. Wafundishe kuanza hivi: "Nakubaliana na wazo hilo kwa sababu…" au "Napinga wazo hilo kwa sababu…" Linapingwa wazo, siyo mtu. Akikwama kwa Kiswahili, aseme Kigogo na mwenzake afasiri. Wazo zuri lisipotee kwa kukosa neno.

Kazi yako ni maswali matatu tu: Kwa nini? Una mfano? Kuna wakati haiwi hivyo? Kosa kubwa ni kusema "vizuri sana". Ukimsifu mmoja, wengine wanajua jibu unalolitaka, na mjadala umekwisha. Sema tu "asante, nani ana wazo tofauti?"

Mjadala ukipoa, uhamishe. Picha yako ya utotoni na wewe wa leo, ni mtu yuleyule? Au uanzie hapa nyumbani: mwaka 1973 iliamuliwa Dodoma iwe makao makuu, na mwaka 2018 ikatangazwa kuwa jiji. Mji alioujua babu na huu wenye barabara mpya, ni uleule? Nini kingebadilika ndipo tuseme siyo Dodoma tena? Hapa watoto huanza kutenganisha jina, umbo, mahali na historia. Hiyo tayari ni falsafa.

Fumbo lenyewe ni la kale. Plutarch, mwandishi wa Kigiriki, alilieleza kwa merikebu ya Theseus, shujaa wa hadithi za Kigiriki, ambayo Waathene waliitunza kwa kubadilisha mbao zilizooza. Katika karne ya 17, Thomas Hobbes wa Uingereza akauliza: je, mbao za zamani zikiundwa upya? Watoto usiwaambie mapema, wasije wakadhani jibu limeandikwa mahali na kazi yao ni kulikisia.

Dakika 35 zikitimia, simamisha hata kama wanabishana. Piga kura ya kokoto mara ya mwisho, kisha uliza nani amebadili wazo na sababu ipi imembadilisha. Watakuuliza wewe unaonaje. Wajibu: "Bado nafikiri," kisha wape mipira yote miwili waende kucheza.