Kromosomu ya 21 Isipoachana na Mwenzake

NEEMA: Karibuni. Leo ni sindromu ya Down: mtoto anayezaliwa na kromosomu za 21 tatu badala ya mbili. Kromosomu ni vifurushi vya vinasaba ndani ya seli. Kaka Hamisi, kosa lenyewe hutokea wapi?

HAMISI: Mara nyingi kwenye yai, dada Neema. Takriban mara tisa kati ya kumi kromosomu ya ziada hutoka kwa mama, hasa katika mgawanyo wa kwanza wa mayosisi, yaani mgawanyo wa seli unaotengeneza yai au mbegu. Na mgawanyo huo huanza mama mwenyewe akiwa bado tumboni mwa mama yake! Kromosomu hushikana jozi kwa jozi, zikabadilishana vipande, kisha kazi ikasimama. Yai linalopevuka mama akiwa na miaka 38 limesubiri miaka yote hiyo.

NEEMA: Na jozi hizo zimeshikiliwa na nini?

HAMISI: Pete za protini, kohesini. Kwa panya imeonekana kwamba pete zilizowekwa mwanzoni haziwekwi upya. Fikiria kamba ya usumba: haikatiki ghafla, inalika uzi mmoja mmoja. Pete zikipungua, jozi hulegea kabla ya wakati, na nyuzi za spindili, zile zinazovuta kromosomu seli inapogawanyika, zinaweza kuvuta kromosomu zote mbili upande mmoja.

NEEMA: Seli si ina ukaguzi wake?

HAMISI: Inao. Kromosomu isiyoshikwa na uzi wa spindili hutoa ishara ya kuzuia, na kimeng'enya cha separesi hakiruhusiwi kukata kohesini. Ila ukaguzi huo huuliza zaidi kama uzi umeshika kuliko kama umeshika sawasawa. Na kwenye yai ni mlegevu kuliko kwenye seli za mwili. Basi yai linabaki na kromosomu 24, mbegu inaleta 23, jumla 47 badala ya 46 za kawaida.

NEEMA: Ndiyo maana umri unahesabika: karibu mtoto 1 kati ya 1,250 mama akiwa na miaka 25, 1 kati ya 350 akiwa na 35, 1 kati ya 100 akiwa na 40. Lakini wanaojifungua kwa wingi huku kwetu ni wa chini ya miaka 35, kwa hiyo mhudumu asiseme "huyu mama bado binti" akaacha kumchunguza mtoto. Na mama asilaumiwe. Hakuna alichokula wala alichobeba kilichosababisha haya.

HAMISI: Kabisa. Sasa kipimo cha kuhesabu kromosomu za mtoto. Damu yake iwekwe kwenye chupa ya heparini, si ya EDTA (zote ni dawa za kuzuia damu isigande), na isigandishwe, kwa sababu tunahitaji seli hai. Limfosaiti, aina ya seli nyeupe za damu, huchochewa zigawanyike, zikakaa saa 72 kwenye nyuzijoto 37. Dawa ya kolsemidi huvunja spindili, kromosomu zikanaswa katikati ya mgawanyo. Halafu potasiamu kloraidi ya 0.075 M huvimbisha seli.

NEEMA: Hapo ndipo pa kuwa makini.

HAMISI: Sana! Ukizidisha muda seli hupasuka, kromosomu moja ikapotelea mbali kwenye kioo, nawe ukahesabu 45 za uongo. Ukipunguza, zinabaki zimerundikana, hutenganishi kitu. Kisha methanoli na asidi ya asetiki, 3 kwa 1, za kukaza seli, kimeng'enya cha tripsini kidogo, na rangi ya Giemsa ili mistari ya kila kromosomu ionekane. Kwa kawaida tunahesabu seli 20, maana wapo watoto ambao baadhi ya seli zina 46 na nyingine 47.

NEEMA: Wengine watauliza: kama uso wa mtoto umeshaonyesha sindromu ya Down, kipimo cha nini?

HAMISI: Kwa sababu ya kundi dogo, kama watoto 3 au 4 kati ya 100, ambao kromosomu yao ya ziada imeungana na nyingine, mara nyingi ya 14. Ukihesabu utakuta 46 tu. Mzazi anaweza kuwa mbebaji wa muungano huo: mzima wa afya, ana kromosomu 45 kwa kuwa mbili zilizoungana huhesabika moja, na hatari inarudi kila mimba, hata akiwa na miaka 20. Muungano ukiwa wa 21 kwa 21, kila mtoto wake atakayezaliwa hai atakuwa na sindromu hiyo. Ukiona muungano kwa mtoto, chukua damu ya baba na mama kabla familia haijapanga mimba nyingine.