Wikiendi Mikindani na kamera

BAKARI: Dada Somoe, kuna msikilizaji anashuka kutoka Dar Ijumaa, Jumapili anageuza. Anataka apumzike, na papo hapo ajifunze kupiga picha za safari. Orodha yake hii hapa: Kilwa Kisiwani, Lindi mjini, Mikindani, na ufukwe wa Msimbati kule mbele ya Mtwara.

SOMOE: Huyo anataka kupiga picha au anatafuta kazi ya ukondakta?

BAKARI: (anacheka) Mwache jamani, ana hamu.

SOMOE: Hamu nzuri, ila Kilwa Masoko, unakovukia kwenda Kisiwani, mpaka Mtwara ni zaidi ya kilomita 250. Mwanga mzuri wote utamkuta dirishani mwa basi. Achague Mikindani, basi. Toka Mtwara mjini ni kama kilomita 10, na bajaji zipo. Alale hukohuko.

BAKARI: Mikindani siku mbili? Ukipiga chafya mwanzo wa mji, mwisho wanakuambia afya.

SOMOE: Ndiyo maana inafaa kwa mazoezi. Chukua mlango mmoja wa nakshi. Asubuhi jua likiupiga kwa ubavu, kila ua lililochongwa linatoa kivuli chake, unaona mpaka alama za patasi. Rudi saa sita, mlango uleule umelala bapa kama karatasi. Hilo huwezi kulijua kama umeshapanda gari kwenda Msimbati.

BAKARI: Na hiyo saa sita ya huku siyo mchezo. Kama tarehe 20 Oktoba, na tena Februari mwishoni, jua linasimama utosini kabisa.

SOMOE: Macho ya watu yanageuka mashimo meusi. Saa hizo kula samaki wako na wali, lala. Ukitaka kupiga, ingia kivulini: barazani, chini ya mbuyu. Mwambie mtu akae ukingoni mwa kivuli, uso umeelekea nje kwenye mwanga. Hapo hata simu ya kawaida inatoa picha ya maana.

BAKARI: Kuna jambo wageni wanalisahau. Mwambao wetu unatazama mashariki. Wanakaa ufukweni jioni wanangoja jua lizame baharini!

SOMOE: Watangoja sana. Linachomoza baharini, linazama bara. Kwa hiyo alfajiri, ukielekea mashariki, mashua na watu wanatoka weusi, umbo tupu. Kwenye simu, gusa anga, shikilia kidole, halafu punguza mwanga kidogo. Jioni jua liko mgongoni mwako, ndipo rangi za mitumbwi zinapowaka. Na jua la kwetu linapanda wima, ule mwanga laini haukai. Nusu saa, dakika 40, umekwisha. Kumi na moja na nusu alfajiri uwe umeshafika.

BAKARI: Wikiendi ya mapumziko hiyo, dada'ngu!

SOMOE: Si nimemwambia alale mchana?

BAKARI: Haya. Maji je? Mimi picha ninayoipenda ni ya kina mama na watoto pwani wakati maji yamekupwa, wanatafuta pweza.

SOMOE: Hapo aangalie mwezi kabla ya kukata tiketi. Bamvua, yaani maji kujaa na kupwa kuliko kawaida, inakuja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji yanatoka mbali. Tatizo, siku za bamvua kubwa yanakupwa kwenye saa nne asubuhi, jua limeshakuwa kali. Ila kila siku kupwa kunachelewa kama dakika 50. Basi aje siku mbili tatu kabla ya mwezi mpevu, atayakuta yamekupwa mapema zaidi. Kwenye maji mafu, mwezi ukiwa nusu, hayaendi mbali, atapata mchanga na kaa.

BAKARI: Na wale kina mama, anawapigaje bila kuonekana mwizi?

SOMOE: Kamera iwe begini kwanza. Asalimie, aulize pweza wa leo wakoje. Wengine watakataa, na hilo ni jibu tosha. Akikubaliwa, asikimbilie uso tu. Mikono, ndoo, ule mti wa kuchokolea mashimo, nyayo.

BAKARI: Mimi naona akishapiga aonyeshe palepale kwenye kioo, awatumie WhatsApp.

SOMOE: Bibi wa miaka sabini anayeokota chaza ana WhatsApp?

BAKARI: Mjukuu anayo.

SOMOE: Mjukuu ataifuta simu ikijaa. Achapishe. Mtwara mjini studio za kuchapa zipo, arudishe picha ya karatasi kabla hajaondoka. Hiyo ndiyo faida nyingine ya kukaa mahali pamoja, unajua pa kuirudisha.

BAKARI: Hapo sina ubishi. Lile Boma la Wajerumani la 1895, pale juu Mikindani, nalo?

SOMOE: Apande kwa sababu ya mwinuko, aone mapaa na ghuba kwa pamoja. Na kuta za chokaa ni mwalimu mzuri. Kamera ikiona weupe mwingi inadhani mwanga umezidi, inaupunguza, ukuta unatoka kijivu. Aongeze mwanga hatua moja, ile +1 ya kwenye kamera.

BAKARI: Tahadhari moja toka kwangu: bandari, kambi za jeshi na mitambo ya gesi, kamera ibaki begini. Maelezo yake ni marefu, na ataelezea kituoni.

SOMOE: Na droni asije nayo bila kibali.

BAKARI: Kwa hiyo Msimbati tunaifuta?

SOMOE: Akija na likizo ya wiki nzima tutazungumza. Kwa sasa mtumie kalenda ya mwezi, kisha ndiyo akate tiketi.

BAKARI: Namwandikia sasa hivi. Akinuna, nampa namba yako.