Abiria Aliyesafiri Bila Kuandikwa

Vijana wangu wa reli, asanteni kwa kunikaribisha. Leo nitaongelea wizi mdogo wa nauli, wa shilingi elfu mbili na elfu tatu. Mabilioni yana watu wengi wa kuyafuatilia.

Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914. Tangu hapo imebeba wagonjwa, wanafunzi, chumvi ya Uvinza, maharusi na hata misiba. Treni ikisimama Saranda, kina mama wanakimbilia madirishani na kuku wa kuchoma, na ada ya mtoto inapatikana pale pale, kabla honi haijalia. Isiposimama, kuku wanarudi nyumbani. Mkiulizwa faida ya treni ya abiria, msianzie kwenye nauli. Anzeni na huyo mama.

Sasa niwaeleze nilichokiona zamani, nikisafiri daraja la tatu. Reli yenyewe siitaji. Bibi mmoja mwenye kikapu cha dagaa alipanda bila tiketi, kwa kuwa alikuta dirisha la stesheni limefungwa. Mkaguzi alipofika, bibi akafungua fundo la khanga na kumpa noti. Mkaguzi akazikunja mara mbili, akainama, akazitia kwenye soksi. Kitabu cha stakabadhi kilikuwa kwapani, hakukifungua. Bibi akamwambia, "Ahsante, mwanangu."

Bibi yule alilipa na alisafiri, lakini kwenye hesabu hayumo. Behewa lilikuwa limejaa hadi mlangoni, karatasi zikasema lina nafasi. Halafu ofisa wa makao makuu, ambaye pale hajawahi kukanyaga, anasoma kwamba stesheni ile haina abiria, na anaamua treni isisimame tena. Ameamua kwa mujibu wa alichoandikiwa.

Dukani mwenye duka anaiona droo yake. Shirika kubwa halina sura ya mtu, kwa hiyo anayeiba hajioni mwizi, anajiambia: mshahara mdogo, wakubwa wanakula zaidi, na lazima nimgawie aliyenipanga zamu. Huo mgao ndio unaoniumiza kuliko soksi. Ukishaupokea mara moja umefungwa mdomo, na anayeukataa anaonekana msaliti, mara anahamishwa.

Mwaka 2024 treni ya umeme ilianza kwenda Dodoma. Ile ya haraka inatoka Dar es Salaam na kufika chini ya saa nne, na tiketi unanunua kwa simu. Nimefurahi sana, maana noti hazipiti tena mkononi kama zamani. Lakini nywila ya mfumo bado anayo mtu, na mtu huyo ana wenzake wanaomwona.

Hao wenzake ndio nimewafuata leo. Tunayo Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015. Isomeni kabla hamjaihitaji. Siku ile behewani tulikuwa wengi, na soksi tuliiona sote. Mimi nilikaa mkabala na bibi, magoti yetu yakigusana, na sikusema neno mpaka aliposhuka.