Nyangumi wa Msimu wa Kusi

ZUHURA: Karibuni tena. Mimi ni Zuhura, niko na kaka yangu Bakari. Kusi limeshika, na huku pwani, kuanzia Mtwara na Mafia hadi Unguja na Watamu, wavuvi wameanza kusimulia migongo mikubwa inayoibuka nje ya miamba. Leo tunamzungumza nyangumi wa nundu.

BAKARI: Na mimi, dada, nina swali langu. Huyu anatoka bahari ya Antaktika, ambako chakula kimejaa tele. Huku kwetu anakuja kula nini?

ZUHURA: Hali kitu.

BAKARI: Hata kidogo?

ZUHURA: Kwa kawaida hali kabisa mpaka arudi. Chakula chake kiko kule. Kiangazi cha kusini kikifika, Desemba hadi Machi, anashinda akila krili, hawa wa jamii ya uduvi. Anafumbua kinywa, mikunjo ya kooni inatanuka, anachota maji na krili kwa pamoja, halafu anayasukuma maji nje. Meno hana. Kwenye ufizi wa juu yananing'inia mabamba mia tatu na ushee kila upande, yaliyoumbwa kwa kitu kile kile cha kucha zetu, na kingo zake za ndani zimechakaa zikawa nyuzinyuzi. Maji yanapita, krili wanabaki.

BAKARI: Kwa hiyo akifika huku anakula akiba.

ZUHURA: Anakula shahamu yake mwenyewe. Nyangumi mzima ana urefu wa mita 13 hadi 16, na uzito wa tani 25 hadi 40. Kutoka kule mpaka Watamu ni zaidi ya kilomita 6,000, na kurudi ni hivyo hivyo. Mwendo wote huo, miezi yote ya kukaa huku, na kwa mama kuzaa na kunyonyesha pia, vyote vinalipwa na shahamu aliyoiweka kule. Mama anaweza kupoteza hadi theluthi ya uzito wake kabla hajala tena.

BAKARI: Subhanallah. Na huyo ndama anazaliwa vipi?

ZUHURA: Mimba ni miezi 11 hadi 12. Anazaliwa ana mita 4 na zaidi, uzito karibu tani moja, lakini shahamu yake ni nyembamba sana. Maji ya baridi kali yangemmalizia joto lote. Huku maji ni ya uvuguvugu, na wale nyangumi wauaji wanaowinda ndama si wengi. Wanasayansi wangali wanajadiliana ni sababu ipi ya kuja huku yenye nguvu zaidi, ila mimi naliona la ndama kwanza.

BAKARI: Ananyonyaje chini ya maji? Hilo sijawahi kulielewa.

ZUHURA: Chuchu za mama zimejificha ndani ya mikunjo ya ngozi, upande wa tumbo, karibu na mkia. Ndama anasogeza kinywa pale, mama anamsukumia maziwa. Ni mazito mno, karibu asilimia 40 ni mafuta, hayatawanyiki ovyo majini. Kila baada ya muda mfupi mtoto anapanda juu kuvuta pumzi, mama yuko chini yake au ubavuni.

BAKARI: Na madume yana kazi gani wakati wote huo?

ZUHURA: Wanashindana, na wanaimba! Mwaka 1971 watafiti Roger Payne na Scott McVay waliandika kwamba sauti zile zina mpangilio, kuna vipande vinavyorudiwa kwa zamu. Wimbo mmoja huchukua kama dakika 10 hadi 20, kisha dume anauanza upya, saa nyingi mfululizo. Madume wa eneo moja wanaimba wimbo mmoja, na mwaka hadi mwaka wanaubadilisha pamoja.

BAKARI: Wasikilizaji wetu wa Muscat na Salalah, kule Oman, watasema nao wanao. Ni hawa hawa?

ZUHURA: Ni nyangumi wa nundu, lakini wa Bahari ya Uarabuni hawahami kwenda Antaktika. Pepo za khareef, yaani kusi la kule, zinapovuma, maji baridi yenye rutuba yanapanda kutoka vilindini, samaki na krili wanaongezeka. Kwa hiyo wanakula na kuzaliana bahari ile ile. Vinasaba vinaonyesha wametengana na wenzao tangu takriban miaka 70,000 iliyopita, na hata wimbo wao ni mwingine. Mwaka 1966 meli za Kisovieti ziliua zaidi ya 200 kwenye bahari hiyo. Leo wanaokadiriwa kubaki upande wa Oman hawafiki 100. Hilo linaniuma sana.

BAKARI: Wetu wamepona?

ZUHURA: Walilindwa tangu 1963 katika bahari za kusini, na wameongezeka vizuri, ingawa meli za Kisovieti ziliendelea kuwaua kwa siri miaka kadhaa baadaye. Siku hizi huku kwetu hatari ni jarife, nyavu zinazoachwa zikielea usiku. Nyingine ni boti zetu za watalii. Mama akikimbizwa anaogelea kwa nguvu, na nguvu hiyo inatoka kwenye shahamu ile ile inayomtengenezea mtoto maziwa. Huku hana pa kuirudisha.

BAKARI: Basi nahodha anayetusikiliza sasa hivi, mwambie afanye nini.

ZUHURA: Akiona nyangumi anapuliza, apunguze mwendo mapema. Aende sambamba naye, kwa ubavu, asimfuate kwa nyuma wala asimkatie njia mbele. Asikaribie chini ya mita 100, na akiona ndama akae mbali zaidi. Asipite kamwe kati ya mama na mtoto.

BAKARI: Na wakija wenyewe kwenye boti? Ndama wana udadisi.

ZUHURA: Atoe gia, injini iachwe ingurume taratibu bila kusukuma, abiria wakae. Wakishapita na kuachana na boti mbali, ndipo aondoke polepole, kwa upande mwingine.